Mtoto harithi pombe

Tulikuwa kwenye kikao cha familia. Mtoto wa jirani, miaka saba hivi, alikuwa anahangaika na vifungo vya shati la shule: anafunga kimoja, kinaangukia tundu la chini, anafungua, anaanza upya. Shangazi yangu akamtazama weee, kisha akatoa hukumu: "Huyu kamrithi mama yake pombe. Iko kwenye damu." Wote wakatikisa vichwa. Mtoto yule ana nini, au kama ana lolote, mimi sijui. Tatizo langu ni hilo neno "kurithi", na sasa nimelisikia mara nyingi mno.

Maana kwanza, haraka. Mjamzito akinywa, kileo hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia kwa mtoto, ambaye ini lake bado changa haliwezi kukivunja. Ubongo unaojengwa huumia. Hali hiyo ikiwa kali huitwa sindromu ya pombe kwa kijusi: mtoto hudumaa, mdomo wa juu huwa mwembamba, kijifereji kati ya pua na mdomo hufifia, macho huwa na mpasuo mfupi, na baadaye kukumbuka, kutulia na kujizuia huwa kazi. Daktari Paul Lemoine wa Nantes, Ufaransa, aliwaeleza watoto 127 wa namna hii mwaka 1968, wachache wakamsikiliza. Mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, wakaipa hali hiyo jina. Basi.

Sasa "kurithi". Neno limetoka Kiarabu, ndugu mmoja na mirathi, mrithi na warithi. Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mirathi anajua sharti la kwanza: lazima marehemu awe alikuwa nacho. Huwezi kugawana shamba ambalo halikuwepo. Mama huyu hana sindromu hiyo, atairithishaje? Hata yai lingekuwa la mwanamke mwingine kabisa, mtoto angeumizwa na glasi za yule aliyembeba. Naye akikua, akazaa mtoto ambaye hakuguswa na kileo tumboni, sindromu hiyo haiendi kwa mjukuu. Kweli ilikuwa kwenye damu, shangazi, lakini kama mgeni wa saa chache.

Lugha yetu ina neno lake tayari: kuzaliwa na kitu. Mtu huzaliwa na kilema bila kukirithi kwa yeyote.

Nikiri kwamba chembe za urithi nazo zina usemi. Pacha wa kufanana waliokaa tumbo moja na pombe moja huelekea kuumia sawasawa, ilhali kati ya pacha wasiofanana mmoja anaweza kuumia sana na mwenzake kidogo. Kinachorithiwa hapo ni wepesi wa kuumia. Jeraha lenyewe halirithiwi.

Na kuna neno la pili linalonikera, "mlevi". Shangazi analitumia kana kwamba kijusi kinapima tabia. Kijusi kinapata kileo, iwe mama ni mlevi wa kila siku au ni mtu wa harusi na Jumamosi tu. Huko Western Cape, Afrika Kusini, vibarua wa mashamba ya mizabibu walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, vizazi na vizazi. Sehemu hiyo imekuwa na viwango vya juu kabisa vya hali hii vilivyowahi kupimwa duniani, na unywaji wenyewe mara nyingi ni wa mwisho wa wiki, mwingi kwa mkupuo. Watafiti waliofuatilia akina mama wa huko waliona pia kwamba mwembamba, asiyekula vizuri, mwenye umri uliosogea na uzazi kadhaa nyuma yake, ndiye mtoto wake huumia zaidi. Njaa na kazi ya shamba zimo ndani ya glasi ileile. "Mlevi" linafuta yote hayo na kumwacha mwanamke mmoja kizimbani.

Tena "kurithi" huwafanya watu wakunje mikono, kwa kuwa damu haibadilishwi. Ann Streissguth wa Seattle, aliyewafuata watoto hawa hadi ukubwani, aliona kwamba waliotambuliwa mapema na kulelewa kwenye nyumba tulivu walikuwa na nafasi mara 2 hadi 4 zaidi ya kuepuka balaa za baadaye, kama kufukuzwa shule na kesi za polisi. Huyo anayelea anaweza kuwa mama yuleyule.

Nilimwambia shangazi, kwa adabu, aseme "aliguswa na pombe tumboni," na hata hilo alisemee kwa daktari, si mbele ya mtoto. Akanijibu kwamba ni refu mno. Basi aseme "kazaliwa nayo." Hilo ni fupi kuliko lake.