Kinga ya mwili kwa anayeamka saa kumi alfajiri

Naishi Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, kazi iko Posta, katikati ya jiji. Naamka saa kumi alfajiri, nalala saa sita usiku. Mafua hayaniishi. Ninunue dawa gani ya kuongeza kinga?

Dawa yako ya kwanza ni usingizi. Unalala kwa saa nne tu, na mtu mzima anahitaji zisizopungua 7. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walitoa majibu ya jaribio ambalo watu 164 wenye afya walidondoshewa virusi vya mafua puani, baada ya usingizi wao kupimwa kwa wiki nzima. Waliokuwa wakilala chini ya saa 6 walikuwa na uwezekano wa kuugua zaidi ya mara nne kuliko waliolala zaidi ya saa 7.

Foleni huwezi kuiondoa, najua, wala saa ya kuamka huwezi kuisogeza. Saa ya kulala ndiyo iliyo mikononi mwako. Ukiwa kitandani saa tatu usiku, simu iko mbali na neti imechomekwa vizuri, saa 7 zinatimia. Kama wiki nzima haiwezekani, anza na siku unazowahi kurudi.

Unga wa mlonge na vidonge vya vitamini je?

Mlonge ni mboga nzuri, uule kama mboga. Vidonge vya vitamini C havimzuii mtu wa kawaida kupata mafua. Zinki nayo ukiimeza kwa wingi kwa muda mrefu hupunguza madini ya shaba mwilini na kuidhoofisha kinga ileile uliyotaka kuijenga. Anayekuuzia chupa "inayopandisha kinga kwa siku tatu" anakula hela yako bure, na inaniuma kuona wanaonunua ni watu wa kipato kidogo.

Basi nile nini?

Vya sokoni vinatosha: dagaa, maharage, matembele, mchicha, matunda ya msimu. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Pera, ambalo wengi tunaliona tunda la watoto, lina vitamini C nyingi kuliko chungwa la uzito uleule, tena kwa mbali.

Shida ipo jikoni. Mchicha unakatwakatwa kwanza, ndipo unaoshwa, unachemshwa na yale maji ya kijani yanamwagwa. Vitamini C imeondoka nayo. Osha majani yakiwa mazima, kata, tia kwenye sufuria yenye maji kidogo, funika, epua mapema.

Mwanangu anakula vizuri. Chanjo bado ina umuhimu?

Sana. Chanjo ya surua hutolewa akiwa na miezi 9, kisha 18, na ya pili ndiyo wazazi wengi huisahau. Surua hufuta kumbukumbu ya kinga dhidi ya magonjwa mengine, hivyo mtoto aliyepona huugua kirahisi hata yale ambayo mwili wake ulishayazoea.

Nimerekebisha yote, bado naumwa mara kwa mara.

Nenda kituo cha afya ukapime, usimeze antibiotiki za kubahatisha, hazitibu mafua. Omba upimwe sukari na VVU. Homa, pima malaria siku hiyohiyo. Ukikohoa wiki 2 au zaidi, ukipungua uzito au ukitoka jasho jingi usiku, pima kifua kikuu. Katika vituo vya serikali matibabu yake ni bure.