Kinga ya mzee: tatizo ni kuzima, si kuwaka tu

Mzee akiugua nimonia mara mbili ndani ya mwaka, ndugu wanasema kinga imeshuka. Miaka ya UKIMWI ilituzoesha kuifikiria kinga kama namba ya CD4, yaani hesabu ya seli fulani za kinga kwenye damu, inayopanda na kushuka, na leo hapa Moshi hukosi mtu wa kukuuzia chupa ya kuipandisha.

Mimi nafuga nzi wa maabara, na kwao mambo yako kinyume. Nzi akizeeka, sehemu kubwa ya kinga yake inapanda, tena inabaki juu hata pasipo na ugonjwa wa kupambana nao.

Sisemi nzi wa chooni, wala yule anayeharibu maembe ya wakulima. Ni kale kadogo kenye macho mekundu kanakozengea ndizi zilizoiva kupita kiasi na chombo cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Jina lake la kitaalamu ni Drosophila melanogaster, na asili yake ni Afrika hii hii, upande wa kusini. Namlisha uji mzito wa unga wa mahindi, sukari, hamira na agari ya kuugandisha, kwenye kichupa kilichozibwa kwa pamba. Kwenye nyuzi 25 anatoka yai hadi utu uzima kwa siku kama 10, kisha anaishi miezi miwili hivi, wachache mitatu. Penye baridi anaishi zaidi. Ndiyo maana mwezi wa Julai, umeme ukikatika na kabati la joto likazimika, roho huniuma: unaweza kushangilia kwamba dawa imerefusha maisha, kumbe ni baridi tu ya mlimani.

Nzi huyu ana heshima yake katika elimu ya kinga. Mwaka 1996 huko Strasbourg, Ufaransa, Bruno Lemaitre na wenzake katika maabara ya Jules Hoffmann waliwaambukiza fangasi nzi wenye hitilafu kwenye mfumo wa jeni iitwayo Toll. Nzi wale walikufa wakiwa wameota ukungu mwilini, kumbe Toll ndiyo iliyokuwa ikiwakinga na fangasi. Mwaka 1998 Bruce Beutler akaonyesha kwamba panya anatumia protini ya ukoo huo huo kutambua bakteria, na sisi pia tunazo. Mwaka 2011 Hoffmann na Beutler walipata Nobel, pamoja na Ralph Steinman.

Sasa uzee. Kuna jaribio moja ninalolipenda kuliko yote, lililochapishwa mwaka 2012 na Michael Rera na wenzake, na halihitaji mashine ya mamilioni. Unachanganya rangi ya bluu ya chakula kwenye ule uji. Nzi kijana akishakula, chini ya darubini unaona bluu tumboni tu. Kwa baadhi ya wazee utumbo unavuja, na rangi inasambaa hadi kichwani na miguuni. Wawili wanaweza kuwa wa kichupa kimoja, waliozaliwa siku moja, mmoja bluu mwili mzima na mwenzake safi kabisa. Yule wa bluu hamalizi siku nyingi. Ukimpima, unakuta protini za kuua vimelea zimejaa mwilini mwake, kama mtu aliyeshambuliwa.

Kinachosumbua ni breki. Bakteria wa kawaida wa utumbo huachia vipande vya ukuta wa seli zao, na vipande hivyo ndivyo vinavyoamsha kinga. Nzi kijana ana protini ya PGRP-SC2 inayovikatakata kabla kelele haijawa kubwa. Uzeeni protini hiyo inapungua utumboni, bakteria wanaongezeka na kubadilika aina, nazo seli za utumbo zinagawanyika ovyo. Mwaka 2014 kundi la Heinrich Jasper, California, liliiongeza protini hiyo utumboni, na nzi wakaishi zaidi. Yaani waliongeza breki! Ila usiizime kinga yote: nzi asiye nayo kabisa, mchubuko mmoja wenye bakteria unatosha kummaliza.

Kwa binadamu, Claudio Franceschi wa Italia alieleza jambo la jinsi hii mwaka 2000: mwili wa mzee hubaki katika hali ya mwako mdogo usiokoma, kama una kidonda kisichoonekana. Kwa hiyo zile chupa za "kupandisha kinga" zinanitia shaka hata kabla sijasoma lebo. Unapandisha ipi, ile iliyochoka au ile iliyokataa kuzima?

Maana iliyochoka nayo ipo. Thaimasi, tezi ya kifuani inayokomaza seli za T, askari wa kinga, zikiwemo zile za CD4, husinyaa tangu utotoni na uzeeni hubaki mafuta zaidi, na hiyo ni sababu mojawapo ya chanjo kuwashika wazee kwa udhaifu. Nzi hana thaimasi, hana seli za T, hatengenezi kingamwili, zile protini za kunasa vimelea. Kwa maswali hayo lazima uende kwa panya, anayeishi miaka miwili hadi mitatu maabara, na hapo ufadhili wako unaweza kuisha kabla panya hajazeeka.