Kalamu ya leza: rangi haiko kwenye kioo

Julai iliyopita mwalimu mmoja alinifikia mezani, kwenye ngazi za jengo moja Luthuli Avenue, Nairobi, na kalamu ya leza ya kijani. "Fundi, niwekee kioo chekundu. Hii ya kijani asubuhi haitaki kuwaka."

Wateja wengi wanaamini hivyo: ndani kuna taa moja, rangi inaletwa na kioo cha mbele, kama plastiki ya rangi tunayobandika kwenye tochi.

Sivyo. Kalamu nyekundu ndiyo rahisi. Ndani yake mna dayodi, kipande cha kielektroniki kinachotoa mwanga, ndogo kuliko punje ya mchele. Umeme ukipita, inatoa yenyewe mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita kama 650 (urefu huo ndio unaoamua rangi), lenzi inaukusanya, basi. Kijani ya kawaida ina safari ndefu. Dayodi yake hutoa mwanga wa nanomita 808, ambao jicho karibu haliuoni kabisa. Mwanga huo unaichochea fuwele yenye neodimiamu, nayo inatoa mwingine wa 1064, usioonekana vilevile. Fuwele ya pili ndiyo inaukata urefu huo wa wimbi nusu: 532, na hapo ndipo unapata kijani. (Siku hizi zipo dayodi zinazotoa kijani moja kwa moja, lakini za bei ya chini ninazofungua nyingi ni za fuwele.)

Baridi ya asubuhi ikizidi, ile dayodi ya 808 inahama kidogo kwenye urefu wake wa wimbi, na fuwele haimezi tena mwanga vizuri. Nilimwambia mwalimu aifumbate kiganjani dakika mbili. Ikawaka. Sikumlipisha.

"Lakini si kijani ina nguvu zaidi? Inang'aa hadi ng'ambo ya barabara." Hapo jicho ndilo linalotudanganya. Macho yetu hupokea kijani vizuri kuliko rangi nyingine zote, hivyo kwa miliwati zilezile, nanomita 532 huonekana kama mara nane ya 650. Mng'ao hauwezi kukupimia nguvu. Wala lebo usiiamini sana: mwaka 2013 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipima kalamu 122, na asilimia 90 ya za kijani na 44 ya nyekundu hazikutimiza kanuni za usalama. Baadhi ya kijani zilivujisha pia ule mwanga usioonekana, kwa kukosa kichujio kizuri.

La jicho lisilouma linanikera kuliko yote. Watoto wanamulikana usoni kwenye matatu, mtu anasema, "Si hata haikuuma." Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina neva za maumivu. Lenzi ya jicho inaubana ule mwale kwenye nukta ndogo sana nyuma ya jicho, kwa hiyo unaweza kuungua pasipo kuhisi lolote. Kinachotuokoa kwa kalamu za chini ya miliwati 1 ni kupepesa, kwa takriban robo ya sekunde. Mwale usioonekana hauchochei kupepesa. Miwani ya jua nayo si kinga.

Wengine hudhani kalamu ni mdogo wa zile mashine za kukatia vibao vya akriliki. Mashine hizo nyingi hutumia gesi ya kaboni dioksidi, mwale wake wa mikromita 10.6 hauonekani, na zikiwa na wati 80 ni mara 16,000 ya kalamu ya miliwati 5. Ile nukta nyekundu unayoiona ikitembea juu ya akriliki ni dayodi nyingine ya kulengea tu.

Na mwale hauendi ukiwa uzi mwembamba milele. Kalamu ya kawaida, ukifika kilomita moja, umeshatanuka kufikia takriban mita moja. Ndiyo maana kumulika ndege inayoshuka uwanja wa Wilson si mchezo: kioo cha rubani chote kinajaa mng'ao.

Mwalimu alirudi wiki iliyofuata na kalamu ya zambarau, nanomita 405. "Hii sasa ndiyo dhaifu, fundi, tazama." Ukutani nukta ilikuwa hafifu kweli. Nikamwekea mbele yake karatasi nyeupe ya fotokopi, ambayo ina kemikali inayogeuza zambarau kuwa buluu ambayo jicho linaiona vizuri zaidi, na nukta ileile ikalipuka buluu, hadi mwenyewe akarudi nyuma hatua moja.