Mfupa ukichemshwa, kalsiamu huenda wapi?

Kuna ujumbe usioisha kwenye magrupu ya wazazi: mpe kijana anayerefuka kikombe cha supu ya mifupa kila siku, mifupa yake itakuwa chuma, maziwa ya nini?

Supu ni tamu, nami naipenda. Ila kalsiamu yake ni kidogo mno, ilhali kijana wa miaka 9 hadi 18 anahitaji takriban miligramu 1,300 kwa siku. Kikombe cha maziwa kina kama 300. Jaribu mwenyewe: baada ya saa mbili jikoni, utoe mfupa wa ng'ombe uugonge. Bado mgumu, madini yamebaki humo. Sasa loweka mfupa mwembamba wa kuku kwenye siki siku kadhaa, utapindika. Asidi ya siki ndiyo iliyoyatoa madini.

Kinachochanganya watu ni supu kuganda ikipoa. Huo mgando ni jelatini, yaani protini, si kalsiamu.

Dagaa wanaoliwa na miba yao, maziwa, mtindi na sukuma wiki vina kalsiamu ya kweli. Jua likigusa ngozi, mwili hutengeneza vitamini D, inayosaidia utumbo kufyonza kalsiamu.

Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze, uishie kwako.