Dakika 25 zilizomshinda Galileo

Usiku wa kumi na tano wa Ramadhani tulikuwa Mama Ngina, ukingoni mwa bahari ya Mombasa, baada ya tarawehe, mimi na mpwa wangu wa kidato cha tatu. Saa 6 usiku kasorobo. Watoto bado wanakimbizana chini ya mibuyu, wauza mihogo bado wana wateja, na mwezi umetukalia utosini, mpevu, bila hata kiwingu. Kijana akaegemea ukuta, akachungulia mkondo wa Likoni, akaniuliza:

"Mjomba, si ulisema mwezi ndio unaovuta maji? Mbona mwezi uko juu yetu na maji yako kule chini?"

Nikachungulia na mimi. Miamba iko wazi, maji ndiyo kwanza yaanza kurudi. Kwa mchoro ule wa vitabu vya shule, dunia katikati na bahari imefura upande wa mwezi na upande wa pili, saa ile tulitakiwa kuwa na maji tele. Mimi hufundisha fizikia na mantiki ya sayansi kwa mshahara, na mpwa wangu alinikamata na maji ya kupwa.

Aliyeniokoa, au tuseme aliyenizamisha zaidi, ni mzee wa kahawa. Alisita na dele lake, akasema: "Bamvua la Mombasa hujaa saa kumi, mjukuu wangu. Saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Tangu nijue kutembea ni saa kumi." Akaendelea na safari yake, vikombe vinagongana.

Mzee hakukosea. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, maji makuu ya hapa, ndiyo bamvua, hujaa kwenye saa 10 na kupwa kwenye saa 4. Mwezi hupita utosini saa 6. Kwa hiyo nadharia ya kwenye mchoro, ile ya mvuto ya Isaac Newton, imekosea kwa muda wa saa nne hivi. Na si saa tu. Ukipiga hesabu ya mvuto wa mwezi juu ya bahari iliyotulia, tofauti ya maji kujaa na kupwa inatoka nusu mita hivi. Ukiongeza jua, haifiki hata mita 1. Bamvua letu hupanda na kushuka mita 3 na zaidi. Muulize yeyote anayevuka na feri maji yakiwa yamepwa kabisa, aupande mteremko ule na mzigo kichwani.

Basi mbona hatujaitupa nadharia hiyo? Swali hili nalipenda, kwa sababu kuna mtu mwingine aliyeleta nadharia ya maji kujaa na kupwa, nayo ikapishana na bahari, na ya kwake tumeitupa bila huruma. Mtu huyo ni Galileo, mwanasayansi wa Italia.

Galileo alitaka kuthibitisha kwamba dunia inakwenda. Mwaka 1616 aliandika waraka akisema ushahidi uko baharini, na mwaka 1632 akaurudia katika siku ya nne ya kitabu chake cha majadiliano juu ya mifumo miwili ya ulimwengu. Alitaka hata jina la kitabu liwe la maji kujaa na kupwa. Wakaguzi wa Kanisa wakamkatalia. Hoja yake ni tamu. Fikiria mkokoteni wa maji katika vichochoro vya Mji wa Kale, umebeba pipa lililojaa nusu. Mwenye mkokoteni akisimama ghafla, maji hukimbilia mbele. Akisukuma kwa nguvu, hurudi nyuma. Maji hayakuvutwa na kitu. Chombo ndicho kilichobadili mwendo. Dunia nayo, alisema Galileo, ni chombo. Inazunguka jua na papo hapo inajizungusha. Upande wa usiku miendo miwili hujumlishwa, upande wa mchana mmoja huupunguza mwingine. Kila bahari basi huharakishwa na kucheleweshwa mara moja kwa siku, na maji yake hucheza kama ya pipani.

Mwanafalaki Johannes Kepler alikuwa ameshaandika mwaka 1609 kwamba mwezi huvuta maji ya bahari. Galileo alishangaa mtu mwenye akili kama ile anasadiki mambo ya mwezi kutawala maji. Kwake hiyo ilinuka unajimu. Hapa tumwonee huruma kidogo. Kuvutana kwa mbali bila kugusana, bila kamba wala upepo, ni jambo la ajabu hata leo. Galileo alitaka sababu unayoweza kuigusa.

Ila nadharia yake inatoa maji kujaa mara moja kwa siku, na saa zile zile kila siku. Kila mtoto wa Pwani anajua ni mara mbili, na kila siku huchelewa kuliko jana.

Kwa mantiki kavu, kazi imekwisha. Ikiwa nadharia ni kweli, maji yatajaa mara moja. Hayajai mara moja. Basi nadharia si kweli. Lakini mantiki kavu haijapata kumaliza ugomvi wowote wa sayansi, na Pierre Duhem, mwanafizikia wa Ufaransa, alieleza sababu yake mwaka 1906: nadharia haiendi mahakamani peke yake. Huenda na wasaidizi wake, yaani dhana kuhusu vyombo vya kupimia, kuhusu umbo la bahari, kuhusu kina chake. Utabiri ukianguka, mantiki inakwambia kuna mwongo katika kundi. Haikwambii ni nani. Galileo akamtaja msaidizi: urefu na kina cha bahari. Kila beseni, alisema, lina mchezo wake. Maji yakishatikiswa hurudi na kwenda kwa mwendo wa beseni lenyewe, na ndiyo maana mapigo, yaani kujaa na kupwa, huongezeka.

Na sisi je? Mpwa wangu alipouliza kuhusu zile saa nne, jibu langu lilikuwa hilo hilo: ni umbo na kina cha bahari! Mwanahisabati wa Ufaransa, Pierre-Simon Laplace, alionyesha katika miaka ya 1775 na 1776 kwamba bahari haikai ikafura kama andazi. Maji kujaa ni wimbi linalosafiri. Wimbi refu kama hilo, katika bahari yenye kina cha kilomita 4, huenda kilomita 700 kwa saa hivi. Hapa karibu na ikweta, mahali palipo chini ya mwezi hukimbia kuelekea magharibi kilomita 1,600 kwa saa. Wimbi haliwezi kumfuata. Linasukumwa, linachelewa, linagonga bara, linarudi, linakutana na jingine. Ndipo tunapopata saa 10 badala ya saa 6, na mita 3 badala ya nusu mita.

Sasa ona tulipofika. Galileo alikosea, akasema ni beseni. Newton alikosea, tukasema ni beseni. Mmoja tukamcheka, mwingine tukamtundika ukutani. Mwanafunzi mwerevu ataona huu ni upendeleo tu, na kwa muda mrefu mimi mwenyewe sikuwa na jibu zuri zaidi ya kusema "hesabu za Newton ni bora".

Kujitetea kwenyewe si dhambi. Sayari ya Uranus ilipopotoka njia yake, mwanafalaki Urbain Le Verrier hakumtupa Newton. Alisema kuna sayari nyingine inayoivuta, akapiga hesabu iko wapi, na mwaka 1846 Neptune ikaonekana Berlin karibu kabisa na pale alipoelekeza. Le Verrier huyo huyo alitumia dawa ile ile kwa sayari ya Mercury, nayo ilipopotoka, akatarajia sayari nyingine karibu na jua. Haikuwapo. Kilichokuwa na kasoro safari hii ni nadharia yenyewe, na ikangoja Einstein mwaka 1915. Dawa moja, daktari mmoja. Mgonjwa mmoja kapona, mwingine kafa. Kwa hiyo kumlaumu mtu kwa kuwa tu aliiokoa nadharia yake hakutufikishi mbali.

Jibu nililolipata liko kwenye pembea. Msukume mtoto kwenye pembea, kila baada ya sekunde tatu, usichoke. Mwanzoni pembea itabishana nawe, itataka mwendo wake. Ukiendelea, ubishi hufa, na pembea hukubali mapigo yako. Urefu wa kamba utaamua inapaa kiasi gani. Utaamua pia inachelewa kiasi gani nyuma ya mkono wako. Kitu kimoja haiwezi kuamua, nacho ni mapigo. Hayo ni ya anayesukuma.

Beseni la bahari ndivyo lilivyo. Linaweza kuzidisha kimo mara kadhaa na kuchelewesha saa, lakini baada ya karne na karne za kusukumwa, halina uwezo wa kubadili mapigo. Na mapigo ya bahari ni yapi? Kujaa hadi kujaa ni saa 12 na dakika 25. Mbili zikijumlishwa ni saa 24 na dakika 50, yaani muda ule ule ambao mwezi huchukua kutoka utosini hadi kurudi utosini. Jua lina saa 24 kamili. Mwendo wa Galileo, kwa kuwa ni wa dunia na jua tu, una saa 24 kamili. Hata tukimpa beseni lolote, la umbo na kina atakacho, hata tukikubali kwamba pigo lake moja limegawanyika likawa mawili, atapata saa 12. Zile dakika 25 hana pa kuzitoa.

Kwa hiyo Newton alikosea pale ambapo beseni lina haki ya kubadilisha, na Galileo alikosea pale ambapo halina. Kosa la Newton lina mwenyewe, nalo ni beseni. La Galileo beseni limesingiziwa tu.

Nipite haraka kwenye jua, maana mpwa aliuliza na hilo. Jua hutuvuta kwa nguvu mara 180 hivi kuliko mwezi, ilhali katika kujaa na kupwa mchango wake haufiki nusu ya ule wa mwezi. Sababu ni kwamba bahari haijali mvuto mzima. Dunia yote inaanguka pamoja kuelekea jua, maji na mawe na feri, na vitu vinavyoanguka pamoja havihisi chochote baina yao. Einstein alianzia hapo nadharia yake ya mvuto mwaka 1907. Kinachobaki ni tofauti, upande wa karibu ukivutwa zaidi kidogo na wa mbali kidogo pungufu, na tofauti hupungua upesi mno kadiri umbali unavyozidi. Ndiyo maana pia maji hufura pande mbili, si mmoja.

Mgawanyo huu wa kazi, mapigo ya mbinguni na kimo cha bandarini, si falsafa ya barazani tu. Jedwali la maji la bandari ya Kilindini linatengenezwa hivyo. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, aliugawa mchezo wa maji katika mapigo mengi, kila moja na muda wake kutoka kwenye elimu ya nyota, kisha bandari yenyewe ikapimwa ili iseme kila pigo lina kimo gani na linachelewa kiasi gani. Mashine yake ya kwanza ya kubashiri maji, ya mwaka 1872 na 1873, ilijumlisha mapigo kumi kwa magurudumu na uzi. La mwezi lina saa 12 na dakika 25, la jua saa 12. Yakikutana tunapata bamvua, yakipishana maji mafu, na mzunguko huo ni siku 14 na robo tatu. Wachokozi watasema hii ni ile ile desturi ya Ptolemy, mwanafalaki wa kale, ya kulimbikiza duara juu ya duara hadi hesabu ikubali. Inafanana sana, nakiri. Ila Ptolemy alikuwa huru kuchagua muda wa duara zake, na Kelvin hakuwa.

Mzee wa kahawa naye hana mashine. Ana tarehe ya mwezi na saa kumi yake. Kompyuta za leo, zikipewa ramani ya kina cha Bahari ya Hindi, hukokotoa kitu kinachokaribia saa hiyo. Bandari hata hivyo inaendelea kupima.

Usiku ule nililala. Wakati wa daku simu ikalia: mpwa wangu alikuwa amerudi ukutani na wenzake, ametuma picha ya miamba iliyofunikwa yote, povu likiruka hadi juu. Chini yake ameandika: "Saa kumi na dakika ishirini, mjomba. Kanuni ya mzee tuitupe, au tuiokoe?"