Chai ya komamanga: yanayosemwa Tanga na yaliyomo kikombeni

Tanga ina vyote viwili karibu. Chai inalimwa milimani Usambara, kuanzia Amani, ambako Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, hadi Bumbuli na Lushoto. Mkomamanga nao unastahimili jua la pwani, hata udongo wenye chumvi kidogo. Ajabu ni kwamba vitu hivi viwili vikikutana kwenye sufuria moja, mara nyingi vinaharibiana.

Sababu ni tanini. Majani ya chai yanayo, na komamanga linayo, hasa kwenye ganda na ule utando mweupe unaotenganisha punje. Tanini hushika protini za mate, mdomo ukakauka na ulimi ukaparuza. Huo ndio ukakasi. Chai yenye ukakasi kiasi ina uhai, lakini ukijumlisha wa majani na wa tunda bila hesabu unapata kikombe kisichonyweka hata kwa vijiko vinne vya sukari. Dhana nyingi zilizopo hapa chini humfikisha mtu huko huko.

Dhana: Chai ya komamanga ya pakiti imetengenezwa kwa komamanga

Geuza pakiti usome viambato. Kwa kawaida huorodheshwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito. Kwenye pakiti nyingi utakuta majani ya chai au rosela (wengine huiita choya) mwanzoni, kisha vipande vya tufaha, kisha "ladha", na komamanga ama liko mwishoni kabisa ama halimo. Si lazima iwe chai mbaya. Ni chai iliyotiwa harufu, na inapaswa kunywewa na kulipiwa hivyo.

Kusoma orodha hiyo kunakusaidia pia kujua namna ya kuipika. Kama cha kwanza ni majani meusi, inataka maji yanayochemka, dakika 3. Kama ni rosela, maji yanayochemka pia, lakini dakika 5 hadi 8, na haina kafeini. Kama ni majani ya kijani, maji ya kuchemka yataiunguza na itatoka chungu. Inataka nyuzi 80 hivi. Huna kipimajoto? Changanya vikombe vitatu vya maji yanayochemka na kikombe kimoja cha maji safi ya kunywa yasiyotiwa kwenye friji. Kwa joto la Tanga mchanganyiko huo unafika kama nyuzi 82, na birika likinyonya joto kidogo uko pale pale unapotaka. Acha majani humo dakika 2, kisha uyatoe.

Dhana: Ikiwa nyekundu sana ndiyo yenye komamanga jingi, na inaongeza damu

Hapa kuna dhana mbili zilizoshikana mikono, na ya pili ina hatari.

Tuanze na rangi. Wekundu mzito kwenye chai za vifuko kwa kawaida ni wa rosela. Juisi halisi ya komamanga ikiingia kwenye chai ya rangi haigeuki damu ya mzee. Inatoa hudhurungi inayoelekea wekundu, na kwa kuwa tindikali hupausha rangi ya majani ya chai, kikombe huonekana chepesi kuliko kilivyo. Usiongeze majani kwa sababu hiyo, onja kwanza. Vilevile komamanga lenye punje za waridi iliyopauka laweza kuwa tamu kuliko lenye punje nyekundu, kwa hiyo sokoni Mgandini usichague kwa macho tu. Lipime mkononi: lililo zito kwa ukubwa wake lina maji mengi. Angalia mbavu zake pia, kwani lililokomaa huwa na pembepembe badala ya kuwa duara kamili. Likishachumwa haliivi zaidi, hivyo kulifungia kwenye mfuko wa unga hakusaidii.

Ukitaka kujua kama wekundu wa chai ya vifuko isiyo na majani ya chai ni wa mmea au wa rangi ya kiwandani, mimina nusu kikombe, acha ipoe, tia chembe chache za soda ya kuokea. Wekundu wa rosela na wa komamanga hugeuka zambarau, kisha kijivu au kijani, huku rangi nyingi za kiwandani zikibaki nyekundu vile vile. Kipimo hiki usikifanye kwenye chai yenye majani meusi, maana nayo hukolea weusi ikitiwa soda ukashindwa kusoma kitu.

Sasa damu. Gramu 100 za punje za komamanga zina takriban miligramu 0.3 za madini chuma. Mama mjamzito anahitaji kama miligramu 27 kwa siku. Hesabu hiyo haijazwi na kikombe, wala na birika zima. Tena tanini hushika madini chuma tumboni na kuyazuia yasiingie mwilini, kwa hiyo anayemeza kidonge cha FEFO (madini chuma na asidi ya foliki) kwa chai ya komamanga anapunguza kazi ya kidonge kile kile alichoandikiwa kliniki. Kidonge kimezwe kwa maji. Chai inywewe kando, angalau saa moja kabla au baada ya kidonge na ya mlo. Dada, mama, wifi yeyote mwenye mimba nyumbani aambiwe jambo hili waziwazi, kwa sababu wekundu wa kinywaji umewapa wengi imani isiyo na msingi.

Anayetumia dawa za presha naye asiziache kwa ajili ya chai hii. Rosela imeonekana katika utafiti kushusha presha kidogo, na hiyo hiyo ndiyo sababu ya kumwambia daktari kama unainywa kila siku juu ya dawa.

Dhana: Chemsha vyote pamoja mpaka vikolee

Hili ndilo kosa kubwa, na linaeleweka lilikotoka. Chai ya tangawizi, iliki na mdalasini huchemshwa, na ndivyo viungo vinavyotoa utamu wake. Komamanga halimo katika kundi hilo. Juisi yake ikichemka, harufu mbichi ya tunda hupaa na mvuke, inabaki ladha ya jemu na rangi inafifia. Wakati huo majani nayo yanaendelea kutoa tanini. Unapoteza tunda, unaongeza ukakasi.

Kwa vikombe vinne, fanya hivi:

Chukua makomamanga mawili ya wastani. Kata kofia ya juu, kisha chana ganda juu juu kufuata mbavu zake bila kuzama kwenye punje, na ulibandue kwa mkono. Zitoe punje ndani ya bakuli la maji: punje huzama, utando mweupe huelea, uchukue wote uutupe. Chuja. Weka punje kwenye mfuko imara wa plastiki wa kuwekea chakula, uzikandamize kwa chupa mpaka zipasuke, kisha kamua kwa kitambaa safi. Lengo ni mililita 200 za juisi. Blenda inaweza kutumika, ila ibonyeze mara mbili tatu tu kwa muda mfupi. Ukiiacha isage, inavunja mbegu za ndani na juisi inatoka chungu, yenye vumbi la mbao mdomoni.

Chemsha mililita 600 za maji. Ukitaka tangawizi au iliki, vichemshe sasa, dakika 5, kabla majani hayajaingia. Zima moto. Tia majani meusi vijiko 3 vya chai visivyojaa, kama gramu 6, funika, hesabu dakika 3. Majani yetu ya Usambara yanayouzwa madukani mengi ni ya chembe ndogo ndogo, hutoa nguvu upesi, na dakika ya tano ni nyingi mno kwa chai hii. Aliye Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya bahari, maji yake yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, basi aongeze dakika moja.

Chuja chai, ndipo umimine juisi. Usiogope kwamba itapoa: chai ya nyuzi 90 ikikutana na juisi isiyo ya baridi hushuka hadi nyuzi 74 hivi, bado ni moto wa kunywea. Onja. Ndipo uamue sukari au asali.

Kama chai inawekwa kwenye chupa ya chai kwa ajili ya wageni au msiba, weka chai iliyochujwa peke yake na juisi ibaki kwenye jagi. Kila kikombe kitiwe robo juisi wakati wa kunywa. Juisi iliyokaa saa tatu ndani ya chupa ya moto imepikwa tu, hata kama haikuona jiko.

Sufuria nayo ina neno. Tindikali ya komamanga na ya rosela hula aluminiamu, na chai hutoka na ladha ya bati. Chuma cheusi ni kibaya zaidi, kwa kuwa tanini na chuma vikikutana vinatoa weusi wa wino. Ganda la komamanga limetumika tangu zamani kutengenezea wino na rangi za nguo kwa tabia hiyo hiyo. Tumia enameli isiyobanduka, stili isiyoshika kutu, au kioo.

Dhana: Ukakasi ukizidi, tia maziwa

Yatakatika. Protini ya maziwa huganda kipimo cha pH (kadiri kinavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi) kikishuka hadi 4.6, na juisi ya komamanga ina pH ya 3 hivi. Rosela ni vivyo hivyo. Maziwa yanawezekana tu kwenye majani meusi yaliyotiwa harufu ya komamanga bila tunda wala rosela. Chai iliyokwisha kuwa kali iokoe kwa maji ya moto na sukari kidogo.

Dhana: Maji yoyote ni sawa, mradi yachemke

Maji ya bomba mjini Tanga yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, unaoteremka kutoka Usambara Mashariki. Kisima ni habari nyingine. Sehemu kubwa ya ardhi hapa chini yake ni jiwe la chokaa, jabali lile lile lililotobolewa na maji likawa Mapango ya Amboni, na maji yaliyopita humo huwa magumu. Utayajua kwa ukoko mweupe ndani ya birika na utando unaong'aa juu ya chai. Chokaa hiyo hutenda kama soda ya kuokea: wekundu unageuka zambarau chafu na chai inafubaa.

Chemsha maji hayo dakika 10, yaache yatulie, mimina ya juu taratibu uache chokaa chini, kisha uyachemshe tena kwa chai. Kama kisima kiko karibu na bahari na maji yana chumvi, kuchemsha hakuondoi kitu. Tafuta maji mengine.

Dhana: Ganda lisitupwe, ndiyo dawa yenyewe

Ganda limechemshwa kwa maradhi ya tumbo kwa karne nyingi, lakini hiyo ni dawa, na kama dawa ina kiasi chake. Kama kinywaji cha kila siku halifai: ni ukakasi mtupu. Anayetaka harufu yake atie kipande kikavu cha ukubwa wa ukucha kwenye birika la lita moja, akitoe baada ya dakika 2. Gome na mizizi ya mkomamanga visichemshwe kabisa. Vina sumu, na wale waliovitumia zamani kutolea tegu walikuwa wanacheza na hatari hiyo.

Dhana: Ikinukia vizuri pakitini, itakuwa tamu

Harufu iliyonyunyizwa juu ya majani ni nyepesi, hupaa ya kwanza. Pua ikijazwa na pakiti na ulimi usipate kitu, hakuna tunda humo. Ndiyo maana kuonja kunafanywa kwa hatua: nusa majani makavu, nusa majani yaliyolowa baada ya kuyachuja, kisha onja maji yake kwenye kikombe cheupe, yakiwa vuguvugu, bila sukari. Chai ya moto sana huficha kasoro. Fyonza kwa sauti, hewa iingie pamoja na chai. Mezani si adabu, lakini harufu haipandi puani bila hewa hiyo.

Kisha meza, usubiri. Komamanga la kweli linaanza na uchachu, linafuata na utamu mfupi, linamalizia na ukakasi mwembamba kwenye fizi na ndani ya mashavu. Ukakasi ukifika kwanza, kuna utando mweupe au mbegu zilizosagwa. Ikibaki ladha ya peremende, ni harufu ya kiwandani.

Waonjaji wa viwandani hutumia gramu 2 kwa mililita 100 na kuacha dakika 6. Kipimo hicho kinaanika kasoro za majani. Usikifuate kwa chai ya kunywa.

Hewa ya Tanga ina unyevu mwingi, na majani ya chai hunyonya kila harufu iliyo jirani. Kopo lifungwe barabara, likae mbali na karafuu, iliki na dagaa.

Dhana: Chai ya baridi ni chai ya moto iliyoachwa ipoe

Barafu ikiyeyuka inaongeza maji, hivyo tumia majani mara mbili, lakini dakika ziwe zile zile 3. Ikiingia kwenye friji ingali moto hutoka na ukungu, kwa sababu kafeini na tanini hushikana zinapopoa ghafla. Haijaharibika. Iache ipoe mezani kwanza, na kama ukungu umeshatokea, ongeza maji ya moto kidogo utatoweka.

Njia bora kwa joto letu haina moto kabisa. Tia gramu 8 za majani kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, funika, weka kwenye friji saa 8, chuja, ongeza mililita 250 za juisi. Maji baridi hutoa tanini kidogo sana, kwa hiyo juisi inasikika wazi hata bila sukari. Inywewe ndani ya siku 2.