Kairopraktiki ya kiungo cha taya: inapima nini, inatibu nini

Weka ncha za vidole vya shahada mbele kidogo ya matundu ya masikio, fungua mdomo taratibu, kisha ufunge. Vinavyosogea chini ya vidole ni vichwa viwili vya taya la chini. Kila kimoja kimekaa kwenye kishimo cha mfupa wa panja, na katikati pametiwa diski nyembamba ya gegedu ili mifupa isisagane. Mdomo unapoanza kufunguka, kichwa cha taya huzunguka palepale kilipo. Ukizidi kuufungua, huteleza mbele na chini pamoja na diski yake. Na kwa kuwa taya la chini ni mfupa mmoja, upande wa kulia ukikwama, wa kushoto nao huathirika.

Tunaposema matatizo ya kiungo cha taya hatuzungumzii ugonjwa mmoja. Humo mna maumivu ya misuli ya kutafunia, ambayo ndiyo mengi kuliko yote, mna diski iliyohama, mna kiungo kilichochakaa au kuvimba, na mna taya linalochomoka. Mgonjwa hulalamika kwamba shavu au panja linauma, sikio linauma ingawa likichunguzwa halina kasoro, taya linalia "tak" wakati wa kula, au mdomo haufunguki vya kutosha kuuma andazi. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, hasa wenye umri wa miaka 20 hadi 40.

Kairopraktiki ni fani ya tiba ya mikono iliyoanzishwa na D. D. Palmer mjini Davenport, Iowa, nchini Marekani, mwaka 1895. Inajulikana zaidi kwa mgongo na shingo. Kwetu Afrika Mashariki wataalamu wake ni wachache na wako miji mikubwa, kwa hiyo wengi wetu tumeijua kupitia video za kwenye simu: mtu kalazwa, shingo inazungushwa, inalia "kak", anainuka akicheka. Video hizo zimeifanya fani nzima ionekane ni kazi ya kuiliza mifupa. Kwenye taya, sauti hiyo haina kazi kubwa. Tiba yenyewe ni ya polepole, na sehemu yake kubwa hufanywa na mgonjwa akiwa nyumbani.

Kwa nini mtu wa mgongo aguse taya? Jibu liko shingoni. Mshipa wa fahamu unaohudumia uso na taya, ule wa tano miongoni mwa mishipa ya kichwa, hupeleka taarifa zake kwenye kituo kilicho sehemu ya juu ya uti wa mgongo. Kituo hichohicho hupokea taarifa kutoka pingili tatu za kwanza za shingo. Ubongo unaweza kuchanganya chanzo: shingo ikichokozwa, mtu akasikia uchungu kwenye panja au shavu, na taya likiuma, kisogo kikakaza. Ndiyo maana mtaalamu makini hachunguzi taya bila kuchunguza shingo.

Zamani lawama zote zilielekezwa kwenye meno. Mwaka 1934 James Costen, daktari wa masikio, pua na koo wa St. Louis, alieleza kwamba waliopoteza magego hufunga mdomo kupita kiasi, taya likakandamiza sehemu za karibu na sikio. Maelezo yake ya anatomia hayakusimama, lakini wazo kwamba meno yasipokutana sawasawa ndiyo chanzo lilidumu kwa miongo mingi, na watu wengi walichongwa meno mazima kwa ajili hiyo. Kisha upasuaji ukawa na zamu yake. Nchini Marekani, katika miaka ya 1980, wagonjwa waliwekewa diski bandia za kampuni ya Vitek zilizokuwa na Teflon. Zikamomonyoka ndani ya kiungo na kula mfupa, hadi mamlaka ya dawa na chakula, FDA, ilipoingilia kati mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tangu hapo kanuni imekuwa kuanza na tiba inayoweza kusimamishwa wakati wowote bila kuacha kovu. Tiba ya mikono imo katika kundi hilo.

Sasa uchunguzi. Nauona kuwa ndiyo sehemu yenye thamani zaidi ya ziara nzima, kwa sababu kazi yake ya kwanza ni kumjua asiyepaswa kuwa pale. Mtu wa zaidi ya miaka 50 ambaye taya humchoka na kumuuma kila anapotafuna, ana maumivu mapya ya kichwa na ngozi ya kichwa inauma akichana nywele, anaweza kuwa na uvimbe wa mishipa ya damu ya panja. Huyo anahitaji hospitali siku hiyohiyo, maana anaweza kupoteza macho. Maumivu ya taya yanayokuja na kubanwa kifua, jasho au kuishiwa pumzi akipanda ngazi ni ya moyo hadi ithibitike vingine. Taya linalokaza siku chache baada ya mtu kuchomwa na msumari au kukatwa na jembe laweza kuwa pepopunda, na pepopunda haisubiri. Aliyeanguka na bodaboda apigwe picha kwanza. Na mtoto mwenye uvimbe tayani ana hadithi nyingine kabisa: ni hapa jirani, Uganda, ambako daktari wa upasuaji Denis Burkitt alieleza mwaka 1958 saratani ya taya kwa watoto iliyokuja kubeba jina lake. Inatibika kwa dawa ikiwahiwa, na kila wiki inayopotea kwenye kukanda ni hasara.

Jino bovu nalo lisisahaulike. Nusu saa kwa daktari wa meno inaweza kuokoa miezi ya kuhangaika.

Hayo yakishawekwa kando, mtaalamu humtazama mgonjwa akifungua mdomo. Hupima kwa rula umbali kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Kwa mtu mzima kawaida ni kama milimita 40 hadi 55; chini ya 35 huhesabiwa kuwa mdomo umebanwa. Asiye na rula hutumia vidole vitatu vya mgonjwa mwenyewe, vilivyosimamishwa kati ya meno. Hutazama pia njia ambayo kidevu kinapita. Kikienda upande kisha kikarudi katikati, kuna hadithi moja. Kikienda upande kikabaki hukohuko, kuna nyingine.

Tofauti hiyo inahusu diski. Diski iliyohama hukaa mbele ya kichwa cha taya, kama kofia iliyoteleza usoni. Mdomo ukifunguka, kichwa huirukia na kuivaa tena, ndipo inaposikika "tak". Ukifungwa, diski huteleza upya, mara nyingi kwa mlio mdogo zaidi. Hapo kidevu huyumba na kurudi. Lakini siku moja kichwa cha taya kinaweza kushindwa kuivaa. Mlio hupotea, mgonjwa akafurahi kwa nusu siku, kisha akagundua mdomo unakomea milimita 25 au 30 na kidevu kinavutwa upande wenye tatizo. Kwa hiyo kutoweka kwa mlio si lazima kuwe ni kupona. Na mlio wenyewe, kama hauumi wala haubani mdomo, si ugonjwa wa kutibiwa. Watu wengi wanao na watazeeka nao salama. Akikuambia mtu kwamba lazima mlio huo uondolewe, uliza kwa nini.

Kisha huja kupapasa. Mwaka 2014 zilichapishwa kanuni za kimataifa za kutambua matatizo haya, na kanuni hizo ni za kina hadi uzito wa kidole: kilo moja hivi juu ya msuli wa shavu na wa panja, kwa sekunde mbili. Swali linaloulizwa si "inauma?" pekee, kwa sababu ukimbonyeza mtu yeyote shavuni kwa nguvu atasema inauma. Swali ni "Je, haya ndiyo maumivu yaleyale yaliyokuleta?" Mgonjwa akisema "Ndiyo hayo hasa!", chanzo kimepatikana. Akisema ni mengine, mkono unahama. Mtaalamu huvaa glovu pia na kugusa misuli kwa ndani, nyuma ya magego ya juu, mahali ambapo hata asiye mgonjwa hushtuka. Picha ya eksirei au MRI kwa kawaida haihitajiki siku ya kwanza. Huagizwa pale ambapo jibu lake litabadilisha tiba.

Maswali kuhusu mazoea huchukua muda mrefu, na yanastahili. Anatafuna upande gani? Miraa saa ngapi mfululizo? Big G? Anabana meno akiwa kwenye foleni au mbele ya kompyuta? Mwenzake wa kitandani husikia meno yakisagana usiku? Hapa kuna imani yetu ya zamani kwamba anayesaga meno usingizini ana minyoo. Mtu mzima amekwisha kumeza dawa za minyoo mara kadhaa na bado anasaga, maana kusaga kwa watu wazima huhusishwa zaidi na msongo wa mawazo, usingizi uliokatikakatika, sigara, pombe na kahawa nyingi.

Tiba yenyewe ina vipande kadhaa, na cha kwanza ni kulegeza misuli kwa kidole kilichotulia juu ya fundo linalouma mpaka liachie. Cha pili ni kusogeza kiungo. Mtaalamu mwenye glovu huweka kidole gumba juu ya magego ya chini ya upande unaouma, hushika kidevu kwa vidole vilivyobaki, huku mkono mwingine ukituliza kichwa. Huvuta taya chini kidogo, kisha mbele, polepole, akiachia na kurudia. Mgonjwa anapaswa kusikia kuvutwa, si kuumizwa, na hawezi kuzungumza, kwa hiyo mtaalamu mzuri hukubaliana naye mapema ishara ya mkono ya kusimamisha. Wengine hutumia kifaa kidogo chenye springi kinachogonga kiungo kwa wepesi. Shingo na mgongo wa juu hushughulikiwa pia.

Kuna hali moja ambayo nguvu zaidi inahitajika: taya lililochomoka baada ya mwayo mkubwa, mdomo ukabaki wazi. Kulirudisha kwa vidole gumba juu ya magego, chini kisha nyuma, ni mbinu iliyoandikwa tangu Misri ya kale, kwenye mafunjo yanayoitwa ya Edwin Smith. Lakini siku hizi mahali pake ni hospitali, ambako dawa ya kulegeza misuli ipo karibu.

Kipande kilichobaki ni kazi ya nyumbani, nami naamini ndicho kizito. Midomo imefungwa, meno yameachana, ulimi umegusa kaakaa nyuma kidogo ya meno ya juu: hivyo ndivyo taya linavyopumzika. Mchana, kwa wenye afya, meno hugusana kwa muda mfupi sana, wakati wa kutafuna na kumeza. Anayebana meno ofisini toka asubuhi hadi saa kumi anamfanyisha kazi msuli wa shavu bila mapumziko. Mariano Rocabado, mtaalamu wa fiziotherapia kutoka Chile, alipanga mazoezi mepesi sita, kila moja mara sita, mara sita kwa siku, na bado yanatumika sana, mojawapo likiwa ni kufungua mdomo huku ulimi umebaki kwenye kaakaa ili taya lisiteleze kupita kiasi. Ongeza kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwa dakika 15 au 20, chakula laini kwa muda, na kuachana na miwa na mahindi ya kuchoma mpaka hali itulie.

Ushahidi unasemaje? Mwaka 2023 BMJ, jarida la tiba la Uingereza, lilichapisha mwongozo kuhusu maumivu sugu ya taya, yaani yaliyodumu miezi mitatu na zaidi. Jopo la wataalamu walioandika mwongozo huo lilipendekeza kwa nguvu tiba ya kubadili fikra na mwenendo, kusogezwa kiungo na mtaalamu, kubonyezwa mafundo ya misuli, na mazoezi ya taya na mkao yanayosimamiwa. Msukumo wa ghafla wa kiungo ulipewa nafasi ya chini zaidi, ya "unaweza kujaribu". Ile kinga ya plastiki ya kuvaa kwenye meno usiku, ambayo wengi huinunua kwa bei kubwa, ilikuwa miongoni mwa mambo ambayo jopo halikuyapendelea kwa maumivu sugu, ingawa inaweza kulinda meno ya anayesaga. Ila tafiti nyingi za tiba ya mikono zimefanywa na wanafiziotherapia. Zile za kairopraktiki yenyewe kwenye taya ni chache na ndogo. Ninavyoisoma mimi, mbinu ina uzito kuliko cheti cha ukutani. Mwanafiziotherapia aliyejifunza taya anaweza kukufaa sawasawa, na katika mikoa mingi yeye ndiye utakayempata.

Kuhusu hatari, kusogeza taya polepole huacha uchungu wa siku moja mbili basi. Kuzungusha shingo kwa ghafla ni jambo jingine: kumehusishwa, kwa nadra, na kuchanika kwa mishipa ya damu ya shingo na kiharusi. Una haki ya kusema, "Shingo yangu usiizungushe," na tiba ya taya ikaendelea vilevile. Ukitajiwa malipo ya mkupuo kwa ziara arobaini kabla hata hujapimwa mdomo, shika mkoba wako uondoke.

Baada ya wiki nne hadi sita rula itolewe tena. Kama milimita hazijaongezeka, maumivu ni yaleyale na bado unakula uji tu, mtaalamu anapaswa kukuandikia rufaa kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya. Vyuo vya afya vya Muhimbili, Nairobi na Makerere vyote hufundisha fani hiyo. Beba vipimo vya siku ya kwanza na vya mwisho, pamoja na orodha ya yaliyojaribiwa, ili huko wasianze upya.